Kutabiri Umeme: Mvua ya Elgon, Upepo wa Turkana na Tarakilishi Inayojifunza

Utangulizi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, upande wa Kimilili katika kaunti ya Bungoma, nikihangaika na sura ya tatu ya tasnifu yangu. Yapata saa mbili usiku stima ikapotea. Tarakilishi yangu, ambayo betri yake ilikwisha kufa kitambo, ikazima pamoja na kurasa sita za uchambuzi nilizokuwa sijazihifadhi. Hasara yangu lakini ilikuwa ndogo. Khocha wangu, yaani ndugu ya mama kwa Kibukusu chetu, ana kinu cha umeme cha kusaga mahindi. Jioni ile kina mama walikuwa wamepanga madebe yao mlangoni, nao wakarudi nyumbani na nafaka nzima wakati watoto walikuwa wakingoja ugali.

Khocha alikaa nje gizani kwa muda, kisha akaniuliza: "Wewe ndiwe msomi wetu. Redio hutuambia kesho mvua itanyesha au haitanyesha. Mbona hapana anayetuambia kesho stima itatosha au haitatosha?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si mhandisi, na swali lile lilinifedhehesha kidogo kwa sababu nilikuwa nimeutumia umeme maisha yangu yote pasi na kujiuliza hutoka wapi na nani hujua utatosha. Nilianza kusoma. Makala haya ni matokeo ya kusoma huko, nayo yanakusudia kueleza jinsi kiasi cha umeme unaozalishwa kutokana na vyanzo mchanganyiko kinavyoweza kutabiriwa kwa njia ya tarakilishi inayojifunza, na kwa nini kazi hiyo ni ngumu hapa kwetu. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba jambo hili laweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kukopa sentensi nzima kutoka kwingine.

Maneno kwanza

Kwa kuwa wengi wetu ni watu wa lugha, hebu tuyatazame maneno kabla ya mitambo. Neno "stima" tulilitohoa kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mvuke, na katika kamusi kongwe maana yake ni meli inayoendeshwa kwa mvuke. Huku Kenya likahama kutoka baharini likapanda nguzoni, hata leo mtoto wa Kitale akisikia stima hafikirii chombo cha majini hata kidogo. Wenzetu wa Tanzania husema umeme. Kinachofurahisha ni kwamba katika miaka ya karibuni sehemu kubwa kuliko zote ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria. Neno limezunguka, limerudi kwao.

Kuhusu "kawi" na "nishati", magazeti ya Kenya yamependelea la kwanza na Watanzania la pili. Nitatumia nishati, pasi na nia ya kuanzisha ugomvi. Kuna pia utabiri, ubashiri na ukadiriaji. Ukadiriaji ndio ulio karibu zaidi na kazi ya wahandisi, kwani hawadai kuona yajayo. Wanapima yaliyopita na kukisia. Hata hivyo idhaa zetu zimeshatuzoesha "utabiri wa hali ya hewa", na mazoea katika lugha ni sheria. Nitaufuata utabiri.

Istilahi iliyonisumbua ni ile ya ujifunzaji wa kina. Hapa "kina" ni kule kwenda chini, kama kina cha kisima. Mwenzangu mmoja wa darasa la ushairi alipolisikia alidhani ninachunguza namna ya kufunza vina. Tulicheka, lakini baadaye nitaeleza kwa nini kosa lake lilinisaidia kuelewa jambo ambalo vitabu vilishindwa kunieleza.

Chungu kimoja, viungo vingi

Umeme una tabia moja ambayo ndiyo chimbuko la matatizo yote yatakayofuata: hauwekwi ghalani kirahisi. Mahindi ya Kitale hukaa magunia hadi bei ipande. Umeme wa gridi, kwa kiasi kikubwa, sharti uliwe papo hapo unapopikwa. Kila sekunde, kiasi kinachozalishwa hakina budi kulingana na kiasi kinachotumika. Gridi yetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Watumiaji wakizidi uzalishaji, mizunguko hiyo hupungua, na ikipungua sana mitambo hujizima yenyewe ili isiharibike. Mtambo mmoja ukijizima, mzigo wake huwaangukia waliobaki, nao huenda wakazidiwa. Hivyo ndivyo nchi nzima inavyoweza kuingia gizani kwa sababu ya hitilafu ya mahali pamoja.

Sasa ni akina nani wanaochangia chungu hiki? Kwa miongo mingi jibu lilikuwa maji. Mto Tana una mfululizo wa mabwawa: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo ghala la maji la mengine yote yaliyo chini yake. Mvua ilipokosekana, nchi iliumia. Ukame uliofuata mvua za El Nino za 1997 na 1998 ulizaa mgao wa umeme ambao watu wazima wanaukumbuka vyema, hasa mwaka 2000. Mwaka 2009 mitambo ya Masinga ilizimwa kwa kuwa maji yalipungua mno.

Sisi wa magharibi tuna hadithi yetu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 nyaya za umeme zilivutwa kutoka Tororo kuelekea Nairobi, zikileta umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa Jinja mwaka 1954. Nyaya hizo zilipita juu ya mashamba ya nchi yetu wakati ambapo nyumba zilizokuwa chini yake ziliwasha vibatari. Baadaye likajengwa bwawa la Turkwel, ukuta wa mita 153 katika korongo la Pokot Magharibi, likakamilika mwaka 1991 likiwa na uwezo wa megawati 106. Mto unaolijaza, ambao huitwa Suam kabla ya kuitwa Turkwel, huanzia Mlima Elgon. Kwa hiyo mvua inayotulowesha mlimani, tukailaani kwa kuharibu barabara, baadhi yake hushuka upande wa pili na kurudi kwetu kama taa. Bwawa hilo lilikaa miaka mingi bila kujaa kama walioliasisi walivyotarajia, hata wakosoaji wakalidhihaki. Kisha mwaka 2020 maji yakapanda hadi kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu lijengwe, na wakazi wa bonde lililo chini wakatahadharishwa dhidi ya mafuriko. Bwawa lile lile, mlima ule ule. Anayetabiri kwa kutazama wastani wa miaka iliyotangulia angekosea mara zote mbili.

Olkaria ni kinyume cha haya. Mvuke wa ardhini ulianza kuzalisha umeme huko mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na katika miaka ya 2010 uzalishaji ukapanuliwa mno. Mvuke haujui kiangazi wala masika. Kuutabiri ni rahisi kama kutabiri kwamba kesho kutakuwa na Jumanne baada ya Jumatatu.

Upepo ndio wenye kiburi. Karibu na Loiyangalani, kusini mashariki mwa Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365 ya upepo, kila mmoja kilowati 850, jumla takriban megawati 310. Iliunganishwa na gridi mwaka 2018. Upepo huo hupita katika mlango ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukaongezeka kasi kama maji yanayobanwa kwenye mfereji. Mabaharia wa pwani walizijua kaskazi na kusi kwa miezi. Upepo wa Turkana yafaa ujulikane kwa saa, maana huvuma sana usiku na alfajiri, ukapungua mchana. Kwa bahati mbaya watu hulala usiku. Saa nane za usiku, wakati upepo umepamba moto, kinu cha khocha kimefungwa na viwanda vingi vimepunguza kazi. Matokeo yake ni kwamba mvuke wa Olkaria huachwa upotelee hewani, au mitambo ya upepo huamriwa ipunguze.

Jua nalo lina hila yake. Mitambo ya jua ya Garissa, megawati 50, iliyozinduliwa Desemba 2019, hufanya kazi vizuri adhuhuri. Jua huzama kabla ya saa moja jioni, na ni kati ya saa moja na saa tatu usiku ambapo taifa zima hupika, huwasha taa na kutazama runinga. Jua linaondoka mgeni anapobisha hodi. Tangu 2022 tunanunua pia umeme kutoka Ethiopia, megawati 200 mwanzoni, kupitia njia ndefu inayoishia Suswa. Na pale vyote vinapopungua, huwashwa majenereta ya mafuta, kama yale ya Kipevu, Mombasa. Hayo ni ya haraka, na ni ghali.

Mwaka 2025 mahitaji ya kilele ya Kenya yalizidi megawati 2,300. Msomaji aone sasa ukubwa wa kazi ya watu wanaokaa katika kituo cha taifa cha kudhibiti umeme: wapange leo ni nani atakayezalisha kiasi gani kesho, saa kwa saa, ilhali mmoja wa wachangiaji hutegemea mvua ya mwezi uliopita, mwingine wingu la dakika kumi zijazo, na mwingine upepo usiosikia la mtu.

Watabiri wa kale na wa sasa

Utabiri ulio rahisi kuliko wote ni kusema kesho itakuwa kama leo. Msicheke, kwa saa moja au mbili zijazo njia hii ni nzuri, na kila mbinu mpya hupimwa kwanza kwa kushindanishwa nayo. Utabiri wa pili hutumia hesabu za fizikia: tunajua kasi ya upepo itakayokuwepo kutokana na idara ya hali ya hewa, tunaigeuza kuwa umeme. Tatizo ni kwamba nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Upepo ukitoka mita 8 kwa sekunde ukafika mita 10, kasi imeongezeka kwa robo tu, lakini nguvu yake inakaribia kuongezeka maradufu. Kosa dogo katika kasi huzaa kosa kubwa katika umeme.

Kabla ya kuingia katika mitambo, sina budi kuwataja jirani zetu wa Bunyore. Ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kuwa ni wa wanyeshaji mvua. Husoma majani na maua ya miti, mienendo ya ndege na ya wadudu. Tangu takriban mwaka 2008 wazee wa ukoo huo na wataalamu wa idara ya hali ya hewa wamekuwa wakishirikiana: kila upande huleta utabiri wake wa msimu, kisha hukaa pamoja wakapatana juu ya utabiri mmoja wa kutangazwa kwa wakulima. Naona kisa hiki kina thamani katika mada yetu kuliko kinavyodhaniwa. Wanahesabu wa leo wamegundua kwamba utabiri unaounganisha watabiri kadhaa walio tofauti aghalabu hushinda ule wa mtabiri mmoja aliye bora, mradi makosa yao yasifanane. Wazee na wataalamu hawakosei kwa namna moja.

Tarakilishi hujifunzaje?

Katika programu ya kawaida, mwanadamu huandika kanuni, mashine ikazifuata. Katika ujifunzaji wa mashine mambo hupinduliwa: mashine hupewa mifano mingi ya maswali pamoja na majibu yake, ikaachiwa kazi ya kutafuta kanuni. Chombo kinachotumiwa ni mtandao wa niuroni, uliopewa jina hilo kwa kuigiza chembe za ubongo kwa mbali sana. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wengi tunavyodhani; McCulloch na Pitts waliliandikia mwaka 1943.

Tuseme tunataka kujua umeme wa upepo utakaopatikana kesho saa mbili usiku. Mtandao hupewa tarakimu: kasi ya upepo ya saa zilizopita, umeme uliozalishwa jana na juzi saa kama hiyo, joto, mwezi, utabiri wa hali ya hewa. Kila tarakimu huzidishwa kwa uzito fulani, yaani kiasi cha imani ambayo mtandao unaiweka katika habari hiyo. Mazao hujumlishwa, yakapitishwa kwenye kizingiti, kisha yakapelekwa katika tabaka linalofuata, ambalo nalo lina uzito wake. Mwishoni hutoka jibu, tuseme megawati 200. Siku inapofika kipimo kinaonyesha 140. Kosa ni 60. Ndipo kosa hilo hurudishwa nyuma, tabaka kwa tabaka, kila uzito ukiulizwa umechangia kosa kwa kiasi gani, ukapunguzwa au ukaongezwa kidogo. Mbinu hii ya kurudisha kosa nyuma ilienea baada ya makala ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986. Zoezi hurudiwa mara maelfu kwa maelfu, kama mwalimu anayesahihisha insha kwa wino mwekundu na mwanafunzi asiyechoka wala kununa.

Ukina hutokana na wingi wa tabaka. Wanaisimu hawatapata taabu hapa: sauti huunda silabi, silabi neno, neno sentensi, na maana ya sentensi haionekani katika sauti moja moja. Vivyo hivyo tabaka la kwanza huweza kunasa kupanda na kushuka kwa tarakimu. Tabaka la ndani likanasa kwamba kupanda kwa namna hii, katika mwezi huu, baada ya mchana wenye joto lile, hufuatwa na usiku wa upepo mkali. Hapana aliyeuandikia mtandao kanuni hiyo.

Sasa turudi kwa mwenzangu wa vina. Mtandao wa kawaida una kasoro: hauna kumbukumbu ya mfuatano. Kwa umeme, mfuatano ndio kila kitu. Mwaka 1997 Hochreiter na Schmidhuber walibuni aina ya mtandao inayofupishwa kama LSTM, ambayo jina lake likitafsiriwa neno kwa neno ni kumbukumbu ndefu ya muda mfupi, na tafsiri hiyo haimfai mtu yeyote. Nilisoma maelezo yake mara tano nikatoka mtupu. Kisha nikaukumbuka utenzi.

Mtunzi wa utenzi hubeba mizigo miwili. Katika kila ubeti, mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake, nacho hudumu hapo tu. Ubeti ukiisha mtunzi hukitupa na kuchukua kingine. Lakini mshororo wa nne una kina cha bahari, ambacho hakibadiliki kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mia tano. Malenga, basi, huamua katika kila hatua asahau nini, ashike nini kipya, na nini kati ya anavyovikumbuka akitamke sasa. Mtandao wa LSTM una milango mitatu inayofanya kazi hizo hizo tatu: mlango wa kusahau, wa kupokea na wa kutoa. Wingu lililopita juu ya Garissa saa nne asubuhi ni kina cha ubeti, lisahaulike. Kwamba mvua za masika zimechelewa na Masinga linashuka ni kina cha bahari. Libebwe kwa miezi. Tofauti ni kwamba malenga hupewa kanuni na jadi yake, ilhali mtandao hujifunza wenyewe, kwa kukosea, ni kipi cha kubeba na kipi cha kutupa.

Tangu mwaka 2017 imekuja aina nyingine, transfoma, ambayo badala ya kubeba kumbukumbu hatua kwa hatua huutazama mfuatano mzima kwa pamoja na kupima ni sehemu ipi inayohusiana na ipi. Jina lake limegongana na transfoma ya juu ya nguzo, ile inayolipuka tukakaa wiki gizani, na nawaombea dua watakaotafsiri kitabu chenye zote mbili.

Kutabiri mchanganyiko

Kufikia hapa tumezungumzia chanzo kimoja. Vyanzo mchanganyiko vina njia mbili. Ya kwanza ni kuwa na mtandao mmoja kwa kila chanzo, kisha kujumlisha. Ya pili ni kuviingiza vyote katika mtandao mmoja ili ujifunze pia uhusiano wao. Mimi naona ya pili ina mantiki zaidi hapa kwetu, kwa sababu vyanzo vyetu havizalishi kila kimoja kivyake. Umeme wa maji unaozalishwa leo hautegemei maji yaliyopo tu; unategemea uamuzi wa watu, na watu hao hufungua maji kidogo upepo unapovuma, wakayatunza kwa ajili ya jioni. Bwawa hugeuka kuwa betri. Anayetabiri maji bila kuutazama upepo anasoma jibu la barua bila kuisoma barua yenyewe.

Faida zake zimekwisha kuonekana kwingine. Mwaka 2019 kampuni ya DeepMind, iliyo chini ya Google, ilitangaza kwamba mtandao wake ulikuwa ukitabiri umeme wa mitambo ya upepo ya megawati 700 katikati mwa Marekani saa 36 kabla, na kwamba thamani ya umeme huo iliongezeka kwa takriban asilimia 20 ikilinganishwa na kuuza bila ahadi ya wakati. Upepo haukuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuahidi, na katika soko la umeme ahadi ina bei.

Tumbili wa Gitaru

Nisije nikaonekana mpiga debe wa mashine. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikazimika. Megawati zaidi ya 180 zikapotea na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika. Wanafunzi wa fasihi simulizi watakubali kwamba hapana sungura katika ngano zetu aliyewahi kufanya kioja cha ukubwa huo. Mtandao wa niuroni usingemtabiri, kwa sababu unajua yaliyopita tu, na katika yaliyopita hapakuwa na tumbili.

Tumbili anachekesha, ukame hauchekeshi. Mwaka una saa 8,760, hivyo kwa miaka michache mtandao huona maelfu ya machweo na maelfu ya alfajiri zenye upepo. Lakini umeona ukame mkubwa mara ngapi? Tarakimu za upepo wa Turkana katika gridi zinaanzia 2018, kwa hiyo ukame wa 2000 na wa 2009 haumo katika mafunzo ya upepo. Mashine itakuwa hodari katika siku za kawaida, ambazo hata khocha huzijua, na dhaifu katika msimu ule mmoja ambao kukosea kwake kunafunga viwanda. Wengi wanaoandika juu ya teknolojia hii hutaja wastani wa makosa. Mimi ningependa watuonyeshe kosa kubwa kuliko yote lilikuwa siku gani.

Kuna pia usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoenea nchini hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kampuni ya usambazaji ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa upepo wa Turkana. Wenye mitambo walisema mitambo yao ilijizima kutokana na msukosuko uliokwisha kuanza katika gridi yenyewe. Siwezi kuwa mwamuzi wao. Ila yafaa tutambue kwamba utabiri wa kiasi cha umeme hauzuii hitilafu. Kazi yake ni kumwambia msimamizi awe na akiba ya kiasi gani iwapo mtambo mkubwa utaanguka. Utabiri mzuri kwa hiyo hausemi "megawati 200" ukanyamaza. Husema 200, lakini huenda ikawa 120, na uwezekano wake ni huu. Lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya shaka: huenda, yamkini, labda, pengine, yawezekana. Bado hatujakubaliana lipi ni zito kuliko jingine, na wahandisi watakapotaka kutangaza utabiri wao kwa Kiswahili watatuuliza sisi.

Nani hulipa kosa?

Kosa la utabiri lina pande mbili zisizolingana. Mtabiri akisema upepo utakuwa mwingi ukawa haba, majenereta ya mafuta huwashwa kwa pupa, au maeneo fulani hukatiwa. Akisema utakuwa haba ukawa mwingi, mvuke hupotelea hewani, na mara nyingine umeme ambao haukutumika hulipiwa kwa kuwa mkataba umeagiza hivyo. Wakenya walilionja jambo hili mapema: mitambo ya Turkana ilikamilika 2017, njia ya kuusafirisha umeme hadi Suswa ikachelewa hadi 2018, na fidia ya mabilioni ya shilingi ikadaiwa kwa umeme ambao haukumfikia mtu.

Niliporudi Kimilili wakati wa Pasaka nilikwenda kinuni nikiwa na maelezo haya kichwani. Khocha alikuwa amelipia umeme asubuhi ile na ujumbe wake ulikuwa bado kwenye simu. Nilimwomba anionyeshe. Nikamwelekeza kwenye mstari wa gharama ya mafuta, nikamweleza kwamba mstari huo hupanda pale maji na upepo vinapopungua na majenereta yanapowashwa, na kwamba anayekosea kutabiri huko Nairobi huandika kosa lake hapa.

Aliutazama kwa muda. Kisha akaniuliza iwapo mashine hiyo inayojifunza hujifunza pia kutoka kwa mstari huu, yaani kama inajua kwamba kosa la kwanza humlaza mtoto njaa na kosa la pili hupoteza mvuke tu. Nilimweleza kwamba inawezekana. Kwamba anayeunda mtandao ndiye huamua kosa lipi lihesabiwe kuwa zito kuliko lingine, na kwamba aghalabu huyahesabu sawa kwa kuwa hesabu zake huwa rahisi zaidi.

"Basi mwambieni," akasema, akawasha kinu.